Shamba la Barabarani

Shamba la barabarani halilishi kijiji.

Mmeisikia leo pale kwenye mizani, yule mama alipomtupia kijana wa miwani ya jua, mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sasa mmenijia hapa mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, kaeni. Chukueni mahindi hayo mnisaidie kupukuchua, maana masikio hayazuii mikono kufanya kazi. Methali nyingi tumezikuta tu, hakuna ajuaye nani alizisema kwanza. Hii si ya zamani hivyo. Ilisemwa mara ya kwanza hapahapa Lihutu, mchana kweupe, mbele ya watu wengi, na aliyeisema hakuwa na nia ya kutunga methali. Ilianza hivi.

Barabara kuu ilipopitishwa hapa, wazee waliigawa ardhi ya kando yake, kila kaya robo eka, asiwepo wa kusema kanyimwa. Mashamba yenyewe, yale ya kula, yalibaki bondeni, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Basi watu wakajijengea tabia. Mbolea ya ruzuku ikija, mifuko miwili kwa kaya, yote inakwenda barabarani. Samadi, barabarani. Palizi ya kwanza, barabarani. Wakwe wakija kuuangalia ukoo wa kijana hawakuuliza habari za ghala; walikitazama kile kipande cha robo eka, na wakikuta mahindi ya manjano waligeuzia hapohapo. Abiria wa basi nao walikuwa wakichungulia dirishani na kusema, angalieni watu hawa wanavyojua kulima. Tulilewa sifa hizo jamani, siwafichi. Kule bondeni mahindi yalijiotea yenyewe, membamba, yameliwa na viwavi, na hakuna aliyeyataja mbele ya mgeni. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Bwana shamba wa kata wakati huo aliitwa Wendelini Luambano. Alikuwa mzaliwa wa hapa, si mtu wa kuletwa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, akalelewa na dada yake Kolumba, ambaye naye alikuwa bado msichana. Kolumba ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyepika pombe wikendi hadi wikendi ili apate nauli ya kwenda chuo cha kilimo. Wendelini aliporudi na cheti chake na pikipiki ya serikali, watu walimwita Bwana Luambano, lakini Kolumba aliendelea kumwita Wende, hata mbele ya wakubwa, naye hakuwahi kukasirika. Kwa wakati ninaousema, Kolumba alikuwa mjane mwenye wajukuu wanne, watoto wa binti yake aliyetangulia mbele ya haki. Wendelini hakuwa na haja kubwa duniani kuliko hii, dada yake na watoto wale wasilale na njaa.

Sasa sikilizeni kazi ya Wendelini, maana hapo ndipo jambo lilipoharibikia. Kila mwezi wa tatu, mahindi yakianza kubeba, bwana shamba anatakiwa kukadiria mavuno. Hapimi kila shamba, atapima mpaka lini? Anaandika majina ya mashamba kwenye vikaratasi, anachanganya, anaokota machache kama kura. Yaliyotoka ndiyo anayoyaendea, anafunga kamba mraba, anahesabu mahindi yaliyomo, anapiga hesabu, anaandika: kata hii itavuna magunia kadhaa kwa eka. Karatasi inakwenda wilayani, wilaya inajumlisha, mkoa unajumlisha, mpaka inafika kwa wale wanaokaa mjini kuitazama nchi nzima. Wao hawajaona hindi hata moja. Wanatazama karatasi tu, na kwa karatasi hiyo wanasema mwaka huu nchi ina ziada au ina upungufu, mipaka ifunguliwe au ifungwe, maghala yajazwe au yauzwe.

Mwaka huo Wendelini alipiga kura yake kwa uaminifu. Vikaratasi vinne, na vitatu vikaangukia bondeni. Kimojawapo kilikuwa cha Kolumba. Mvua ilikuwa imechukua gogo la kuvukia mto, na yeye alikuwa ametoka kwenye homa, lakini alivaa mabuti yake akaenda kwa dada yake ili washuke pamoja. Alimkuta amesimama kwenye kipande chake cha barabarani, amevaa kitenge cha kanisani kana kwamba anasubiri wageni.

"Pima hapa, Wende," Kolumba akasema.

"Dada, kura imesema bondeni."

"Kura haina uso, mimi ninao. Unataka jina langu lifike wilayani na vile vimabua vya bondeni? Watasema bwana shamba ana dada asiyejua kulima. Pima hapa mdogo wangu, usiniaibishe."

Wendelini alisimama na kamba mkononi. Alilijua bonde, alikulia humo. Alijua pia kwamba yule mwanamke hajawahi kumwomba kitu tangu azaliwe. Akafunga kamba palepale. Mahindi yalikuwa yamempita urefu, kila bua limebeba mawili, na hesabu ikatoka magunia ishirini kwa eka. Yale mengine mawili ya bondeni, wenyewe walipopata habari, nao wakamvuta barabarani kwa maneno yaleyale. Tena wakamkaribisha togwa. Aliandika ishirini kwa kata nzima, bonde na barabara, akatia sahihi.

Msimlaumu peke yake. Pale kijijini palikuwa na watu wazima zaidi ya mia tatu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mavuno yakaja mwezi wa sita. Barabarani kweli tulivuna. Bondeni tulipata magunia matatu kwa eka, na wengine mawili. Kolumba, kwa jasho lake lote, alijaza magunia kumi na moja. Kwa nyumba yake ya vinywa vitano hiyo ilikuwa ni kula mpaka mavuno mengine na kubakiwa na magunia mawili matatu ya kuuza apate chumvi na sabuni. Angeyaacha kwenye kihenge, ningekuwa sina hadithi ya kuwasimulia.

Lakini mwezi wa saba ukaja waraka kutoka mjini, wenye muhuri, ukieleza mwenendo wa soko la nafaka. Wendelini aliusoma kwenye mkutano wa kijiji kwa sauti ya kutulia. Ulisema nchi imevuna kupita mahitaji yake. Ulisema mipaka itafunguliwa, na maghala ya akiba yatapunguza shehena ya zamani. Ulisema bei itazidi kushuka hadi mwezi wa pili, na mkulima mwenye busara auze mapema. Walanguzi nao walikuwa wameshafika na malori yao na magunia yao ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo, wakisema hivyohivyo: leo tunachukua kwa bei hii, kesho hatuna hakika.

Kolumba hakumwamini mlanguzi. Alimwamini mdogo wake. Alimwita nyumbani, akampa kigoda, akamuuliza auze au aweke.

Wendelini aliona vizuri kwamba kijiji hakikupata ishirini kwa eka. Hakuwa kipofu. Ila alijisemea kwamba Lihutu ni kijiji kimoja tu, nchi ni kubwa, na kama waraka unasema kuna ziada basi wenzetu wa kwingine wamevuna kweli. Maskini, hakujua kwamba siku ileile, kata baada ya kata, mabwana shamba walikuwa wameshika waraka uleule wakijisemea maneno yaleyale. Kila mmoja alikuwa anategemea ziada ya mwenzake. Karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mkono wake ilizunguka mjini ikamrudia na muhuri, naye akaiheshimu kama ya mtu mwingine.

"Uza manane," akamwambia dada yake. "Bakiza matatu. Hela utakayopata sasa, mwezi wa kwanza itakununulia kumi."

Kolumba akauza manane. Hakuitumia hela ile vibaya. Alinunua bati sita za upande wa nyumba uliokuwa ukivuja juu ya vitanda vya watoto, nyingine akaifunga kwenye kitambaa akaiweka, ikisubiri mahindi yashuke bei.

Hayakushuka. Mwezi wa kumi yalipanda kidogo, tukasema ni walanguzi tu. Mwezi wa kumi na mbili debe moja lilifika bei ya gunia. Mwezi wa kwanza ukawa unaingia sokoni na hela mkononi na hukuti cha kununua, unakuta wenzako nao wameshika hela zao mnatazamana. Maghala yalikuwa yameshauzwa nje. Nchi ilitikisa kihenge chake ikasikia panya.

Msaada ulikuja, nisiwe mwongo. Malori ya chakula yalipita barabara hiyohiyo yakielekea kata nyingine, zile zilizoandikwa upungufu. Sisi tulikuwa tumeandikwa ziada. Wendelini alikwenda wilayani mara tatu. Mara ya tatu, mkuu wake, Bwana Kidulile, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimfungulia faili akamwonyesha sahihi yake. Alimuuliza, kwa upole tu, ataandika vipi barua kwamba kata iliyoongoza wilaya nzima kwa mavuno haina chakula. Wendelini angeweza kusema ukweli hapo. Badala yake akaaga. Alirudi nyumbani na ahadi kwamba jambo litaangaliwa.

Mshahara wake alikuwa akiugawa nusu kwa nusu, nusu kwake na nusu kwa Kolumba, lakini nusu ya mshahara kwa bei ile ilikuwa ni madebe mawili, nayo hayafiki mwisho wa mwezi. Kolumba alikoroga uji mwepesi, watoto wakanywa, yeye akasema ameshakula jikoni. Mnalijua hilo neno la akina mama, ameshakula jikoni? Mkilisikia nyumbani kwenu, msilipite. Nendeni jikoni mkatazame. Asubuhi alikwenda vibarua kwa wenye nafuu, jioni anachimba viazi mwitu. Na katikati ya shida hiyo, mbolea ya ruzuku ilipofika, aliichukua mifuko yake miwili akaimwaga wapi? Barabarani. Nilimwona kwa macho yangu, ameinama na kijiko chake, shina kwa shina, nguo imempwaya.

Mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha akashikwa na homa. Ni homa ya kawaida, ile ambayo wewe na mimi tungelala siku tatu tukaamka. Kwake ilikuta nyumba tupu. Wendelini alimbeba kwa pikipiki hadi zahanati, mganga akatoa dawa na kusema zinataka chakula. Alimrudisha akamlaza, akaketi chini kando ya kitanda.

"Dada, ni mimi," akasema. "Ningeshuka bondeni siku ile, wangejua."

Kolumba alikuwa amefumba macho. "Nilikuzuia mimi."

"Mimi ndiye niliyesomea."

"Na nani alikusomesha?" Kolumba akatabasamu kidogo. "Wale watoto, Wende. Wale watoto wasije wakaambiwa bibi yao alikuwa mvivu."

Hakusema jingine la maana. Alifariki siku ya pili, saa nne asubuhi, jua limewaka. Mahindi mabichi yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Wiki tatu tu. Mimi mpaka leo nikilifikiria hilo nashindwa kula.

Wageni wa msibani walikuja kutoka mjini, wafanyakazi wenzake Wendelini, na Bwana Kidulile mwenyewe akaja na gari. Wote walipita barabara kuu. Wote wakakiona kipande cha Kolumba, mahindi yamesimama kama jeshi, kijani kibichi, yametoa mbelewele. Tuliwapa maji ya kunywa kwa sababu hatukuwa na unga wa kupika. Nasema tena mnisikie vizuri, msiba wa mtu mzima, na hapakuwa na ugali. Wakadhani ni desturi yetu kufunga. Bwana Kidulile alimshika Wendelini mkono akampa pole, na katika kutafuta neno la kumfariji akasema ameona njiani jinsi Mungu alivyowajalia, walau mwaka huu nao kata itakuwa na ziada. Wendelini aliitikia kwa kichwa.

Makaburi ya ukoo wao yako bondeni. Kwa hiyo tulilibeba jeneza tukateremka, tukavuka mto kwenye gogo jipya mmojammoja, na wageni nyuma yetu na viatu vyao mkononi. Hakuna mgeni aliyewahi kuteremka kule kabla ya siku hiyo. Mahindi ya bondeni yalikuwa hayajafika kiunoni. Yalikuwa manjano, majani yametobolewa tobolewa, na mengi hayakuwa na dalili ya kubeba. Tulipita katikati yake yakitugusa magoti, shamba la huyu, shamba la yule, shamba langu, mpaka la Kolumba, na kaburi lilikuwa limechimbwa pembeni mwake. Nilikuwa nimeangalia chini njia nzima. Sote tuliangalia chini.

Padri alipomaliza sala ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Wendelini akakunjua karatasi. Akasoma alizaliwa lini, aliolewa na nani, alijaliwa mtoto mmoja, wajukuu wanne. Akafika kwenye maradhi. Ilikuwa imeandikwa kwamba marehemu aliugua homa kwa siku nne. Hapo akaikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni.

"Hapa nimeandika homa," akasema. "Mimi huandika vitu vingi. Dada yangu amekufa kwa njaa, na njaa yake niliiandika mimi mwaka jana, mwezi kama huu, nikaiita ziada. Bwana Kidulile, ile karatasi uliyonionyesha niliipimia kule juu. Nilikula aibu ya watu wangu nikaona tamu. Wageni wetu, mmepita njiani mmeona mahindi yake, mmeyasifu, nawashukuru. Lakini alikuwa halimi kule ili ale. Chakula chake kilitoka hapa mliposimama. Tazameni vizuri, kwa sababu sisi hatukutaka mtazame. Shamba la barabarani halilishi kijiji."

Mwanamke mmoja wa hapa, ambaye mumewe alikuwa na kipande kizuri kuliko vyote, akaanza kulia kwa sauti, si kilio cha msibani, kilio cha mtu aliyekamatwa. Kisha mwingine. Bwana Kidulile alichuchumaa akashika bua moja la Kolumba, akaliangalia tangu shina mpaka juu, haikumchukua muda. Kesho yake alirudi na kamba yake mwenyewe, na Wendelini akamwongoza, shamba kwa shamba, na safari hii tukawafungulia njia. Kata yetu ikaandikwa magunia matatu. Tukawa wa mwisho wilayani. Chakula cha msaada kilifika kabla ya Pasaka, na wajukuu wanne wa Kolumba wakala.

Wendelini aliwalea wote, na kipande chao cha barabarani akakiacha kiote majani. Watu wa basi wakawa wakipita na kusema, huyu naye mvivu. Alikuwa akiwasikia.

Nami siku ile kule bondeni nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kaburini. Mahindi yangu ya barabarani yalikuwa marefu kuliko ya Kolumba. Nilikuwa nimeona magunia yangu, nimeona ya kwake, na wakati Wendelini anasoma ule waraka mkutanini nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikapiga makofi. Kwa hiyo mkiwasikia watu wakiirusha methali hii kwa mzaha, chekeni mkitaka, ninyi bado vijana. Mimi inanishinda kuicheka.

Shamba la barabarani halilishi kijiji.